Mwili ndio haujui: mwendo wa mdundo na rifleksi za utotoni katika tiba ya kiwewe

Mtoto ana siku moja. Mkunga amemlaza chali, ameweka kiganja chini ya kisogo, na anakiinua kichwa kidogo tu kutoka kwenye godoro. Kisha anakiachia. Kinashuka sentimita chache, na kabla hakijagusa godoro kimeshadakwa na kiganja kilekile. Muda huo mdogo unatosha. Mikono ya mtoto inafunguka kwenda pembeni, vidole vinatanuka, macho yanakodoka. Halafu polepole mikono inarudi kifuani kama ya mtu anayekumbatia, na kilio kinafuata. Mama yake, ambaye hakuambiwa chochote, naye anashtuka. Mkunga anaandika kwenye kadi. Ameona alichotaka kuona: mikono yote miwili imeitika sawasawa. Ungeitika mmoja tu, angeanza kushuku mtulinga uliovunjika, au mishipa ya fahamu ya bega iliyoumia wakati wa kuzaliwa.

Hiyo huitwa rifleksi ya Moro, kwa jina la Ernst Moro, daktari wa watoto aliyeieleza mwaka 1918 huko Heidelberg, Ujerumani. Rifleksi ni tendo ambalo mwili hulifanya wenyewe, kabla akili haijashauriwa. Mtoto mchanga anazo nyingi: akiguswa shavu, mdomo unageuka kutafuta titi; akiwekewa kidole kiganjani, anakikamata; akigeuziwa uso upande mmoja, mkono wa upande huo unanyooka na wa pili unakunjika. Nyingi hufifia ndani ya mwaka wa kwanza. Ya Moro kwa kawaida haionekani tena mtoto akifikisha miezi 4 hadi 6.

Sasa twende jikoni kwa shangazi yangu, Tanga. Shangazi alinusurika ajali ya basi la usiku miaka kadhaa iliyopita. Vidonda vilipona, mguu ukaunga. Lakini mfuniko wa sufuria ukianguka sakafuni nyuma yake, mabega humpanda hadi masikioni, shingo ikazama, pumzi ikakatika, mikono ikaenda usoni. Robo saa baadaye moyo bado unamwenda mbio. Siku moja, katika kutaka kumfariji, nilimwambia, "Shangazi, ni mfuniko tu." Akanijibu bila kukasirika: "Mwanangu, mimi najua ni mfuniko. Mwili ndio haujui."

Lipo tawi la tiba linalosema kwamba mtoto yule na shangazi wana jambo moja. Linasema tukio la kutisha huamsha rifleksi za utotoni zilizokwisha kulala, na kwamba zinaweza kulazwa tena kwa kuutikisa mwili kwa mdundo wa polepole, kama anavyotikiswa mtoto. Walezi, walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu na washauri nasaha wanakutana na madai haya kwenye kozi na video, mara nyingi yakiwa yamefungwa pamoja na ahadi kubwa. Nimeyafuatilia kwa muda kwa sababu ya shangazi. Ninaloliona ni kwamba mambo kadhaa yamesukwa pamoja kama ukili, na miyaa yake haina nguvu sawa. Mingine ni imara kabisa. Mmoja, ule unaobeba jina la tiba yenyewe, yaani rifleksi, ni dhaifu.

Walikotoka

Mazoezi ya mdundo yanayofundishwa sana leo yalianzia Sweden katika miaka ya 1980. Mama mmoja aitwaye Kerstin Linde, asiye daktari, alikuwa akiwafanyisha watu miondoko aliyoitoa kwa kuwatazama watoto wachanga: namna wanavyojibembeza wakiwa wamelala, wanavyojivuta, wanavyojisukuma kwa miguu, wanavyopiga magoti na mikono na kwenda mbele na nyuma kabla hawajatambaa. Harald Blomberg, daktari wa magonjwa ya akili, alijifunza kwake, akaanza kuyatumia kwa wagonjwa wake, na baadaye akayapanga kuwa mafunzo. Akishirikiana na Moira Dempsey, mafunzo hayo yakavuka mipaka ya Sweden.

Mkondo mwingine unatoka Urusi, na huu umefungamana na kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, tangu mwanzo. Tarehe 4 Juni 1989, karibu na mji wa Ufa, bomba la gesi lililokuwa likivuja kando ya reli lililipuka wakati treni mbili za abiria zikipishana. Watu 575 walikufa, wakiwemo watoto wengi waliokuwa wakienda au kurudi kambi za mapumziko. Mwanasaikolojia Svetlana Masgutova alifanya kazi na watoto walionusurika, wengi wakiwa na majeraha ya moto. Kutokana na kazi hiyo akajenga mbinu yake ya kuamsha na kupanga upya rifleksi kwa kuugusa na kuubonyeza mwili kwa utaratibu, mbinu ambayo baadaye aliihamishia Marekani.

Naieleza historia hii kwa heshima. Waliokuwepo Ufa hawakuwa na muda wa kusubiri majaribio ya maabara. Walikuwa na watoto wasiolala, wasioguswa, waliokaza mwili kama ubao, na walishika kilichoonekana kusaidia. Tiba nyingi zimeanza hivyo. Lakini kilichoonekana kusaidia ni kitu kimoja, na maelezo ya kwa nini kimesaidia ni kingine.

Kinachofanyika mkekani

Ukiyaona mazoezi yenyewe, unaweza kushangaa yalivyo madogo. Mtu analala chali kwenye mkeka au godoro jembamba, magoti juu, nyayo chini. Anasukuma sakafu kwa nyayo kidogo tu, kiasi mwili unateleza kuelekea kichwani, kisha anaachia unarudi. Kusukuma, kuachia. Ukitazama kidevu chake utaona kinainuka na kushuka kwa utaratibu uleule wa miguu; hapo wimbi limepita mwili mzima, kuanzia kifundo, kiuno, uti wa mgongo hadi kisogoni. Kidevu kisipocheza, kuna mahali wimbi limekwama, mara nyingi tumboni au mabegani, na mtaalamu huanza kutazama hapo. Mazoezi mengine: kunyoosha miguu na kuichezesha nyayo ndani na nje pamoja, kulala kifudifudi na kuyumbisha makalio kushoto na kulia, kupiga magoti na viganja chini, kwenda mbele na nyuma. Asiyeweza kujisukuma husukumwa na mwingine, polepole, kwa kushikwa miguu au magoti.

Hakuna kutoa jasho. Hufanywa dakika chache kila siku kwa miezi, na anayefanya anatakiwa abaki katika kasi anayoweza kuifuata bila kukaza mwili.

Maelezo wanayopewa washiriki ni haya. Rifleksi ya mtoto haitakiwi kubaki peke yake milele. Inatakiwa iungane na miondoko ya kukusudia, izame ndani yake. Huko ndiko kunakoitwa kuunganisha rifleksi. Ikibaki nje, au ikiamshwa tena na hofu, mtu anaishi kama aliyeshikwa: anashtuka ovyo, anaganda, anachoka, hasomi vizuri, hatulii. Mdundo unamrudisha kwenye hatua aliyoiruka ili aimalize.

Ni hadithi nzuri, inayoeleweka haraka. Tuifumue.

Kushtuka ni kweli

Kwanza, kushtuka kupita kiasi ni alama halisi ya kiwewe. Si woga na si deko. Tangu madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani walipouingiza rasmi ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe kwenye mwongozo wao mwaka 1980, kushtuka kuliko kawaida kumekuwa miongoni mwa dalili zake.

Njia yake ndani ya mwili inajulikana. Sauti kubwa inaingia sikioni na kufika kwenye chembe za shina la ubongo, ile sehemu ya chini kabisa inayounganika na uti wa mgongo. Kutoka hapo amri inashuka moja kwa moja kwenye misuli. Kope zinaanza kufunga kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Sehemu ya ubongo inayofikiri haijapata habari bado. Juu ya njia hiyo fupi kuna amigdala, kitovu cha hofu, ambayo inaweza kuikuza amri au kuiacha ilivyo. Kwa mtu mwenye kiwewe, inaikuza.

Uchunguzi mmoja ninaoupenda ulifanywa kwa mapacha wa kufanana. Mwaka 2003 Scott Orr na wenzake walichapisha matokeo ya wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam, wakilinganishwa na mapacha wao ambao hawakwenda vitani. Walisikilizishwa milio mikubwa ya ghafla huku mapigo ya moyo yakipimwa. Wenye ugonjwa wa kiwewe moyo uliruka zaidi. Mapacha wao, wenye damu ileile na malezi yaleyale, hapana. Kwa hiyo hawakuzaliwa na moyo wa kuruka hivyo. Walirudi nao kutoka vitani. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka shangazi, na nikaona jibu lake lilikuwa sahihi kuliko faraja yangu.

Lakini je, hiyo ni Moro?

Hapa ndipo maelezo ya kozi nyingi yanapoteleza. Rudi kwa yule mtoto wa wodini, umtazame vizuri: mikono inafunguka, kifua kinabaki wazi, vidole vinatanuka, ndipo anakumbatia. Kinachoamsha hasa ni kichwa kupoteza nafasi yake, yaani hisia ya kuanguka. Sasa mtazame shangazi. Yeye anajifunga. Mabega juu, shingo ndani, tumbo linakaza, magoti yanalegea, mikono inakuja usoni. Kinachomwamsha ni mlio.

Wanasaikolojia Carney Landis na William Hunt, katika kitabu chao cha mwaka 1939, walieleza kushtuka kwa watu waliopigiwa mlio wa bastola huku wakipigwa picha za sinema za kasi kubwa. Walichokiona kila mara ni mwili kujikunja, kuanzia kope kwenda chini. Mkunjo huu haufi mtoto akikua. Ni mali ya kila mtu mzima, mwenye kiwewe na asiye nacho. Kwa hiyo shangazi hakurudishwa utotoni. Ana rifleksi ya watu wazima wote, isipokuwa sauti yake imepandishwa.

Wanaotetea nadharia hii wana hoja moja ya haki, nami siwezi kuipita. Rifleksi za utotoni hazifutwi kabisa mtu anapokua. Ubongo wa mbele unapokomaa, unazikandamiza, kama moto uliofunikwa na majivu. Ndiyo maana mzee mwenye ugonjwa wa kusahau uliokomaa anaweza kuanza tena kukamata chochote kinachogusa kiganja chake, au kuchezesha midomo kama anayetafuta titi. Ndiyo maana mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa hubaki na rifleksi hizo muda mrefu kuliko wenzake, na daktari huzitafuta kwa sababu hiyohiyo. Katika hali hizo zote, hata hivyo, ubongo wenyewe umejeruhiwa. Kuruka kutoka hapo na kusema kwamba hofu pekee, katika ubongo mzima, huondoa majivu yale kwa namna ileile, ni hatua kubwa ambayo haijathibitishwa. Na ile wanayoiita rifleksi ya kuganda kwa hofu tangu tumboni, inayotajwa sana katika kozi hizi, haimo katika zile ambazo mkunga au daktari wa watoto hupima.

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuunga mkono kazi hii ni wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2000. Martin McPhillips na wenzake walichukua watoto 60 wa miaka 8 hadi 11 wenye shida ya kusoma, ambao bado walikuwa na dalili za ile rifleksi ya uso kugeuka na mkono kunyooka. Kundi moja lilifanya kwa mwaka mzima miondoko inayofanana na rifleksi za awali, la pili likafanya miondoko ya bandia, la tatu halikufanya kitu. Kundi la kwanza lilipunguza dalili za rifleksi na kupanda katika kusoma. Ni kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Ila ilihusu kusoma. Kuitumia kama ushahidi kwamba miondoko hiyo huponya kiwewe ni sawa na kusifia dawa ya minyoo kwamba inaponya malaria kwa sababu zote humezwa.

Mdundo ni jambo jingine

Ukiitoa ile nadharia, mdundo wenyewe hauanguki nayo. Hili ndilo lililonifanya niache kubishana na nianze kusikiliza.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Mtoto anabembea, na mtoto anabembelezwa. Kuyumba na kutulizwa vimekaa karibu mdomoni kama vilivyokaa karibu mgongoni mwa mama, ndani ya mbeleko. Mwaka 1986 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwaomba wazazi wa kundi moja wawabebe watoto wao muda mrefu zaidi kila siku, si wanapolia tu. Watoto hao walipofikisha wiki sita walilia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Kwa mama wa Kiafrika hilo si habari mpya, lakini ni vizuri kwamba lilipimwa. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mama akinyanyuka na kutembea na mtoto, mapigo ya moyo ya mtoto hushuka mara moja, kuliko mama akiketi tu amempakata. Makinda ya panya yakibebwa na mama yao hutulia vilevile. Ni kitu cha zamani sana ndani ya mwili.

Watu wazima nao wamo. Huko Geneva, watafiti walitengeneza kitanda kinachoyumba polepole, mara moja kwa kila sekunde nne. Mwaka 2011 walionyesha kwamba waliolala mchana kwenye kitanda hicho waliingia usingizini haraka zaidi. Mwaka 2019 wakarudia kwa usiku mzima: watu 18 walilala haraka, wakapata usingizi mzito zaidi na kukumbuka vizuri walichojifunza jioni. Jaribio la panya lililochapishwa wakati huohuo lilionyesha njia inakopita: panya wasio na vipimo vya usawa ndani ya sikio hawakufaidika na kuyumbishwa. Mdundo huingia kupitia sikio la ndani, lile linalojua juu na chini, na kutoka hapo hufika shina la ubongo, jirani kabisa na mahali amri ya kushtuka inapoanzia.

Kuna na upande wa huzuni wa jambo hilohilo. Nyani wachanga waliotengwa na mama zao katika maabara za Marekani walizoea kujitikisa peke yao, mbele na nyuma, saa nyingi. William Mason na Gershon Berkson waliwapa baadhi yao mama bandia anayesogea na wengine mama bandia aliyesimama tuli. Waliopewa anayesogea hawakuanza tabia ya kujitikisa. Watoto wa vituo vya yatima vya Romania, vilipofunguliwa kwa ulimwengu baada ya mwaka 1989, walionekana wakijitikisa vivyo hivyo kwenye vitanda vyao. Mwili usipopewa mdundo, unautafuta wenyewe.

Shangazi aliutafuta pia, bila kujua. Baada ya ajali, kazi aliyoanza kuipenda kuliko zote ni kukuna nazi. Anaketi juu ya mbuzi, miguu imekanyaga chini imara, kifuu mikononi, na mwili wote unakwenda na mkono: mbele, nyuma, mbele, nyuma, nazi iliyokunwa ikidondoka kwenye sinia. Dada zake walidhani anawakimbia wageni sebuleni. Aliniambia, "Nikikuna, kifua kinafunguka." Hakuna aliyemfundisha.

Nafasi yake katika matibabu

Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto Bruce Perry, ambaye amewatibu watoto wengi waliotendewa ukatili, ameandika kwa miaka mingi kwamba kumweleza mtu maneno ya hekima wakati shina la ubongo wake linapiga kengele ni kazi bure. Kwanza lazima mwili utulie, na kinachoutuliza ni vitu vyenye utaratibu, vinavyojirudia, vyenye mdundo: kutembea, kuimba, kupiga ngoma, kuyumba. Ndipo uhusiano, na mwisho maneno. Naiona hoja hii kuwa na akili, na inaeleza vizuri kwa nini mazoezi ya Sweden yanaweza kumsaidia mtu hata kama nadharia yake ya rifleksi haina miguu.

Ushahidi wa kutumia mwili katika tiba ya kiwewe upo, ingawa si mwingi. Mwaka 2014 Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 64 ambao kiwewe chao hakikuwa kimepona kwa matibabu mengine. Nusu walifanya yoga kwa wiki 10, nusu wakahudhuria darasa la afya. Mwishoni, 16 kati ya 31 wa yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya 6 kati ya 29 wa kundi la pili. Ni kundi dogo, lakini walikuwa watu waliokwisha kukata tamaa.

Hata hivyo, nguzo ya matibabu bado ni mazungumzo yaliyopangwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilipendekeza tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, pamoja na ile ya kuhamisha macho kwa mdundo huku mtu akikumbuka tukio, iliyoanzishwa na Francine Shapiro. Na hizi si tiba za matajiri. Mashariki ya Kongo, jaribio lililochapishwa mwaka 2013 lilihusisha wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, wengi wakiishi vijijini katika hali ya hatari. Waliopata tiba ya fikra kwa vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa hukohuko, miezi sita baadaye ni asilimia 9 tu waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa mtu mmojammoja pekee. Matokeo ya kiwewe yalikuwa ya namna hiyohiyo. Nairobi, mwaka 2017, ilichapishwa kazi ya wanawake 421 waliopitia ukatili wa kijinsia: vipindi vitano tu, vikiongozwa na wahudumu wa afya wa jamii waliofundishwa, vikawapunguzia msongo. Na tazama kipindi cha kwanza kinaanza na nini: kupumua polepole, kwa hesabu. Mdundo ulikuwa mlangoni tayari, bila mtu kuutangaza.

Bukavu, katika hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na Denis Mukwege, wanawake wanaotibiwa hutunga na kurekodi nyimbo kama sehemu ya tiba. Pwani yetu nayo ina ngoma za kupunga, ambamo mgonjwa hupigiwa mdundo hadi mwili uitike. Sisemi ni kitu kimoja. Ngoma ya kupunga hupandisha mwili, haiushushi, na ina maana zake za kiimani ambazo mganga na mteja wake wanazielewa. Ila nikisikia mkufunzi akisema mdundo uligunduliwa Ulaya miaka arobaini iliyopita, naumia kidogo kwa niaba ya bibi zetu.

Kabla hujamlaza mtu mkekani

Kama wewe ni mshauri, mwalimu au mlezi na unataka kutumia miondoko hii, mahali pa kuanzia kuogopa ni pale panapoonekana pa kawaida kabisa: kulala chali. Kwa aliyebakwa, kulala chali na mtu mwingine akamshika miguu kunaweza kuwa tukio lenyewe limerudi. Chumba kilichofungwa, sauti ya upole inayotoa amri, mikono magotini: kila kimoja kinaweza kuwa kengele. Hapo mdundo haumfikii mtu, unamfikia aliyeganda. Na kuganda kunafanana mno na utulivu. Mtu ametulia, hasemi, hapingi. Tazama macho: yakikodolea kitu kimoja, ngozi ikapoa, akijibu kwa kuchelewa au akisema hahisi miguu yake, acha. Mketishe, mwambie leo ni siku gani na yuko wapi, mpe maji ashike bilauri mwenyewe.

Wapo pia wanaolia au kutetemeka, na wakufunzi wengine huwaambia kwamba hicho ni kiwewe kinatoka. Kinaweza kuwa nafuu. Kinaweza pia kuwa mtu anazama. Usimwache aende nyumbani katika hali hiyo kwa kuamini kwamba kulia ni kupona. Mwenye kifafa, mwenye shingo au mgongo ulioumia, au mjamzito, aonwe na daktari kwanza. Na yeyote anayekuambia uache dawa au uache kwenda kwa mtaalamu kwa sababu rifleksi zikiungana kila kitu kitakwisha, anakudanganya, hata kama anajidanganya na yeye.

Ninachomuuliza mtu anayetoa huduma hii ni swali moja la kwanza: amefundishwa kutibu kiwewe, au amefundishwa miondoko tu? Kozi ya siku chache inaweza kumfundisha mtu kutikisa miguu. Haimfundishi afanye nini mtu akianza kukumbuka.

Shangazi hatimaye alikubali kumwona mshauri nasaha, mama wa makamo aliyesomea kazi hiyo na aliyewahi kufanya kazi na wakimbizi. Alimwamkia kwa jina la ukoo, akamwuliza angependa kukaa wapi. Shangazi alikataa mkeka. Alisema usiku ule kwenye basi lililopinduka alikuwa amelala chali, anatazama taa, hawezi kugeuka. Mshauri hakumbembeleza abadili nia. Wakakubaliana kwamba kazi ya mwili ifanywe ameketi, mgongo ukiegemea ukuta, nyayo zikikanyaga sakafu bila viatu, akisukuma na kuachia kama anayekuna nazi, dakika chache mwanzoni mwa kila kipindi na nyingine mwishoni. Katikati wanazungumza. Mshauri alimwuliza kama mlango ufungwe. Akasema uachwe wazi.

Mfuniko bado humshtua. Mabega hupanda vilevile. Lakini wiki iliyopita nilikuwepo ulipoanguka. Alisimama, akashika ukingo wa meza, akayumba kidogo mbele na nyuma huku akipumua, na maji ya wali hayajakauka alikuwa ameshaokota mfuniko, akausuuza, akafunika.